Mafundo Kwenye Nyasi Ndefu

Mwezi wa tisa nyasi za prairi huwa zimenipita kimo. Kazini wananiambia huo ndio wakati wake mzuri, na wageni huja kuzipiga picha. Kwangu mimi ndio wakati ninaouogopa. Ukitoka kidogo tu nje ya njia iliyofyekwa, nyasi zinajifunga nyuma yako kama pazia, na hujui tena gari umeliacha upande gani.

Nilisomea mambo ya mazingira chuoni hapa Columbus, Ohio, na nilipomaliza nikapata kazi ya msimu katika hifadhi ndogo ya nyasi za asili, magharibi ya mji, katikati ya mashamba ya mahindi na soya. Kazi ya msimu maana yake ni kwamba kila baridi ikianza sijui kama nitaitwa tena. Hilo si jambo zuri kwa mtu mwenye kichwa kama changu. Mimi huwaza kitu mpaka chenyewe kichoke. Bosi wangu akiniandikia neno "sawa" peke yake, nashinda siku nzima nikijiuliza alikuwa amekasirika au alikuwa anaendesha gari.

Sehemu ya kazi yangu ni kuwaeleza wageni jinsi nchi hii ilivyokuwa zamani. Kwa hiyo majira ya baridi yaliyopita nilisoma sana maandishi ya Wazungu wa kwanza waliofika huku. Walikuwa wametembea siku nyingi chini ya miti, kwenye misitu ya mashariki ambako jua halifiki chini, halafu ghafla msitu ukakatika na mbele yao pakawa hapana kitu ila nyasi na mbingu. Baadhi yao walifurahi. Wengi waliogopa. Walikosa hata neno la kuliitia jambo hilo, wakaazima la Wafaransa, prairi. Wengine walidhani ardhi isiyootesha miti haiwezi kuotesha chochote, wakaiita tasa. Huko kusini ya Kentucky, si mbali sana na nyumbani kwetu Louisville, jina hilo lipo mpaka leo. Mtu aliyepanda farasi ilimbidi asimame juu ya tandiko ili aone anakokwenda. Nzi waliwauma farasi mpaka wakatoka damu. Na ikifika vuli, nyasi zikishakauka, moto ulikuja na upepo wake, na waliojenga kule walilima duara la udongo mtupu kuzunguka nyumba zao ili usiwapite juu. Wenyeji wa nchi ndio waliokuwa wakichoma nyasi hizo kwa makusudi, tangu zamani, ili miti isizivamie na wanyama wapate majani mabichi. Nyasi zenyewe moto hauzisumbui. Sehemu kubwa ya maisha yake iko chini, kwenye mizizi inayoshuka kwenda mbali kuliko kimo cha mtu.

Maandishi hayo yalinifariji. Nilifurahi kujua kwamba watu wenye ndevu na bunduki waliogopa mahali ninapoogopa mimi.

Mama anaishi Louisville, upande wa Iroquois, na anafanya kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa, ambayo huku ndiyo sikukuu ya wafanyakazi, ghala lilifungwa, akaja kunitembelea katika chumba ninachopanga Westerville, pembeni ya Columbus. Alisema anataka kuiona hiyo kazi yangu kwa macho yake, kwa sababu wanawake wenzake kanisani humwuliza kama ni kweli mtoto wake alisoma miaka yote ile ili aje kukata nyasi.

"Kwa hiyo hamkati?" aliniuliza tukiwa garini.

"Hatukati, Mama. Tunazitunza."

"Nyasi mnazitunza."

"Ndiyo."

"Na mbuzi?"

"Hakuna mbuzi."

"Hata ng'ombe mmoja?"

"Zamani kulikuwa na nyati."

"Wamekwenda wapi?"

"Waliuawa."

Mama alitazama mahindi yakipita dirishani. "Basi mnamtunzia marehemu chakula," alisema. "Hilo siwezi kuwaambia kanisani."

Tulipofika alishuka, akasimama kwenye ukingo wa njia na mkoba wake begani. Hakusogea. Alivaa blauzi nyeupe ya kanisani, na kiunoni alijifunga kitenge chake cha kahawia. Alizitazama nyasi kutoka chini mpaka juu, pale zinapochanua vidole vitatu vitatu kama mguu wa ndege.

"Ni ndefu," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimpa hotuba yangu yote ya wageni kwa Kiswahili, tandiko, nzi, moto, duara la udongo. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni.

"Walikuwa wanaogopa nini?" aliuliza nilipomaliza. "Si wao ndio waliokuwa na bunduki?"

Nikampeleka kwenye mmea ninaoupenda, ambao una majani mapana kama masikio ya tembo na hukaa wima. Nilimwonyesha kwamba jani halitandazi uso wake juu kama majani mengine. Linajigeuza, ncha moja ya ukingo wake kaskazini na nyingine kusini, ili jua la mchana lisiliunguze. Nikamwambia aliguse. Hata siku ya joto kali jani hilo huwa na ubaridi, kwa kuwa mizizi yake inavuta maji ya chini sana. Mama aliliweka shavuni, akafumba macho.

"Kama mtungi," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

Nilimkalisha kwenye benchi, nikaenda stoo kumchukulia maji na kofia. Bosi wangu alikuwa humo, mwanamume mzee anayependa kueleza mambo polepole, akaanza kunieleza kuhusu mashine ya kufyekea. Nilikuwa nikiitikia na huku nikiwaza kama Mama amechoka au hakupendezwa, na kama atawaambia wenzake kwamba nina kazi au sina. Kule mashambani wawindaji wa njiwa walikuwa wameanza. Msimu wao ndio kwanza umefunguliwa, na bunduki zilikuwa zikilia, moja, halafu mbili kwa pamoja, halafu kimya. Nilizisikia kama mtu anavyosikia friji. Nilikwisha kuzizoea kabisa.

Niliporudi, benchi lilikuwa tupu. Mkoba wake ulikuwa chini, umelala ubavu.

Nilisema "Mama" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza. Halafu bunduki ikalia tena, na safari hii nikaisikia.

Niliita. Nilikimbia njia yote iliyofyekwa nikiita, nikarudi nikiita, nikazunguka choo, nikatazama ndani ya gari, chini ya gari. Bosi wangu alikuja akaita pia, kwa lafudhi yake, "Mama! Mama!" Nyasi zilitikisika kila mahali kwa sababu ya upepo, kwa hiyo kila mahali palionekana kama kuna mtu anapita. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yamepanda, meusi chini. Nilifikiria radi, ambayo kwenye uwanda hutafuta kitu kilichosimama. Nilifikiria presha yake, na vidonge vyake vilivyokuwa ndani ya mkoba nilioushika. Nilifikiria yule nyoka wa hapa mwenye njuga mkiani, ambaye mimi huwaambia wageni kwamba ni nadra sana, na nikaona jinsi neno nadra lilivyo dogo.

Simu ikalia ndani ya mkoba.

Alikuwa kaka yangu, anayefanya kazi kiwandani Buffalo. Siku za mapumziko lazima ampigie Mama.

"Shikamoo Mama! Umefika kwenye shamba la nyasi? Huku mji mzima unaitwa nyati na hakuna hata mmoja, viwanda tu. Mwulize huyo msomi wetu walijificha wapi."

"Ni mimi," nilisema. "Mama simwoni."

"Humwoni vipi?"

Bunduki zikalia, mbili.

"Hiyo ni milio ya nini?"

"Wawindaji. Wanawinda njiwa, kaka, ni halali, wako mbali."

"Umempeleka Mama kwenye nyasi ndefu na kuna bunduki."

"Sikufikiri..."

"Wewe? Hukufikiri? Wewe unayewaza hata chumvi ya mboga?" Halafu sauti yake ikabadilika. "Umemwita?"

"Nimeita mpaka koo limekauka. Hata bosi wangu anamwita."

"Acha. Nyamaza kabisa, na huyo mwambie anyamaze. Hatajibu. Mkiita ndiyo atazidi kulala chini."

Mimi nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, baada ya vita iliyowakimbiza wazazi wangu kwao. Habari za kutoka Burundi nilizijua kwa sentensi moja ya Mama, "Tulitembea, tukafika," na kila nilipouliza zaidi alinituma nikatazame kama maharage yameiva. Kaka yangu alikuwa mtoto mdogo wa kushikwa mkono wakati ule, na hajawahi kunisimulia. Alinisimulia pale kwenye simu, kwa haraka, kama mtu anayetoa maelekezo ya njia.

"Walikuwa wanatuita kwa majina yetu. Unaelewa? Walikuwa majirani, walitujua. Walisimama kando ya nyasi wakaita kwa upole, mama fulani, njoo, yamekwisha, njoo na watoto. Mama alinifunika mdomo. Kuna waliojibu." Hakumaliza hilo. "Kwa hiyo usiite. Tafuta mafundo. Mama alikuwa akipita anachukua bua la kushoto na bua la kulia anayafunga, chini, usawa wa goti, asiyejua hawezi kuona. Baba alikuwa amebaki nyuma. Alitufuata kwa mafundo hayo mpaka akatukuta. Kama bado ni Mama yuleyule, amefunga."

Nilikwenda kwa bosi wangu. Alikuwa ameshawasha gari na ameshika spika ya kuitia watu, anataka kuzunguka njia zote akitangaza. Nikamwomba asitangaze. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepagawa.

"Mama yako amepotea, na hutaki tumwite?"

"Akisikia sauti kubwa atajificha zaidi. Tafadhali. Niamini."

Alitazama mawingu. "Mvua ikianza kabla hujampata, nitaita watu wa uokoaji. Nao huja na mbwa."

Akilini nilimwona Mama amelala kifudifudi kwenye nyasi, na mbwa wakija. Nadhani uso wangu ulisema jambo, kwa sababu aliirudisha spika mahali pake. Akasema ataenda kuwaomba wale wawindaji wasimamishe kidogo. Akaondoka taratibu, bila kupiga honi.

Nilipiga magoti nyuma ya benchi. Kuna njia nyingi kwenye nyasi zile, za kulungu, za sungura, za upepo tu, na zote zilifanana na njia ya mtu anayekimbia. Nilitambaa kando ya ukingo nikishika bua baada ya bua. Nyasi za prairi zina makali, zikanichana. Kisha nikaliona. Mabua mawili yamekutanishwa na kukazwa fundo moja dogo, safi, kama lile analofunga kwenye mfuko wa mchele. Vichwa vyake vilielekea ndani.

Niliingia.

Naandika haya nikiwa mezani, taa inawaka, mlango umefungwa, na bado mgongo unanisisimka. Ndani ya nyasi husikii dunia. Unasikia mabua yakisuguana na moyo wako. Kila nilipopata fundo nilitafuta jingine kwa kutambaa kuelekea vichwa vyake vilikoelekea, na kila lililochelewa kuonekana niliamini kwamba nimekwisha kupotea na sasa tutakuwa wawili. Jua lilizama ndani ya wingu. Ikawa giza la mchana, la kijani. Nilisahau nilikotoka. Nilipofika kwenye mmea wa majani ya ubaridi nilitazama kingo zake, huku kaskazini, huku kusini, na njia ya gari iko kusini. Nilijiambia hivyo kwa kunong'ona mara nyingi. Nilikuwa nimewafundisha wageni wengi jambo hilo kama kichekesho kizuri cha maumbile, na sasa nilikuwa nimelishika jani kwa mikono miwili kama ukingo wa mtumbwi.

Niliwakumbuka wale wasafiri wa kwanza na hofu yao. Swali la Mama lilinirudia. Labda hawakuogopa nyasi. Labda waliogopa kutojua ni nani mwingine aliyemo, na kama naye amewasikia. Wenyeji wa nchi, ambao baadaye walifukuzwa humo, sijui hofu yao iliandikwa wapi wakati farasi wale walipokuwa wakikaribia.

Radi ilipiga, bado mbali. Na mafundo yakaisha.

Nilizunguka lile la mwisho, nikapapasa kila upande. Hakuna. Kwa hiyo alikuwa karibu sana, au alikuwa amechoka kufunga, au ameanguka. Milio ya bunduki ilikuwa imekoma bila mimi kutambua ni saa ngapi. Nilitaka kuita kwa nguvu zangu zote. Nilijiuma mkono. Utamwambiaje mtu aliyejificha kwamba wewe ni wewe, wakati wale wengine nao walijua jina lake, walijua lugha yake, walijua kusema mama kwa upole?

Ndipo nikaanza kuongea Kiingereza.

Kilinijia chenyewe. Nyumbani Mama hakitaki. Tulipokuwa wadogo Louisville, mimi na kaka tukimjibu kwa Kiingereza alikuwa anajifanya hasikii, na sahani inabaki jikoni. Lakini wale watu hawakuwa nacho. Hakuna aliyewahi kusimama kando ya nyasi zile za zamani na kuita kwa Kiingereza. Nilikaa chini, nikaongea kwa sauti ndogo, ya kawaida, maneno ya ovyo yaliyonijia. Nilisema basi letu la shule lilikuwa linachelewa. Nilisema bili ya umeme imekuja. Nilisema niko peke yangu, sijaja na mtu, na ninaogopa radi, na kwamba sijui kama mwakani nitakuwa na kazi, na sijui kuwaambia watu ninachokifanya humu.

Nyasi za kushoto kwangu, karibu kabisa, zikasema kwa mnong'ono:

"Ongea Kiswahili, mtu mzima wewe."

Alikuwa amekaa chini ya majani mapana, magoti kifuani. Blauzi nyeupe ilikuwa imefunikwa yote na kitenge cha kahawia, hadi kichwani. Nilikuwa nimempita. Ningeweza kumgusa na sikumwona. Viatu vyake vilikuwa mkononi.

Nilimkumbatia bila sauti. Shavu lake lilikuwa la baridi kama lile jani.

"Mama, ni njiwa tu. Walikuwa wanawinda njiwa."

"Najua," alisema. "Nilipokaa hapa nikajua. Miguu ndiyo haikuningoja nijue."

"Nilikuita sana."

"Nilisikia. Ilikuwa sauti yako kabisa." Alinifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Hata wale walikuwa na sauti za watu, mwanangu."

Tone la kwanza la mvua lilipiga jani juu yetu kwa kishindo. Nilimvuta mkono, twende, tukimbie, radi ikitukuta hapa tumekwisha. Hakukimbia. Alivaa viatu vyake, akafunga kitenge kiunoni, akapita mbele yangu. Kwenye fundo la kwanza alisimama, akalionyesha kwa kidole cha mguu.

"Fungua."

"Mama, mvua."

"Wa mwisho ndiye anayefungua. Ukiyaacha, atakuja mwingine."

"Hakuna mwingine. Hapa ni Ohio."

"Fungua," alisema, na akaendelea kwenda.

Kwa hiyo nikawa wa mwisho. Niliinama kila fundo, vidole vyangu vikiteleza kwa maji, naye akizidi kuniacha, mpaka sikuona tena kitenge chake, niliona tu nyasi zilivyofunga alipopita. Umeme ulimulika, nikahesabu kama nilivyofundishwa, nikapotea kwenye hesabu. Mafundo yalikuwa magumu kuliko yalivyoonekana. Alikuwa anakimbia alipoyafunga, na aliyafunga hivyo. Nilijua aliyewahi kufungua mafundo haya kabla yangu alikuwa Baba, aliyezikwa Louisville akiwa hajaniambia neno hata moja kuhusu kazi hiyo. Kila nilipoinama nilisikia kitu nyuma yangu. Ilikuwa mvua. Nilijua ni mvua. Niligeuka kila mara.

Nilipotoka, Mama alikuwa amesimama kando ya benchi, amelowa, anazitazama nyasi. Bosi wangu alikuwa kando yake na koti la mvua mkononi. Wote wawili walikuwa kimya, kama nilivyokuwa nimeomba. Mama hakuniita hata nilipochelewa.

"Umefungua yote?" aliuliza.

"Yote."

Aliyatazama mabua nyuma yangu, yaliyokuwa bado yakitikisika pale nilipopita, mpaka yakatulia. Ndipo akakubali kuingia garini.